Sultani Aliyefundishwa Hodi na Mlima wa Moto

Katika mji wa Shangalu, uliojengwa miguuni pa mlima wa moto, alitawala Sultani Tawakali bin Jabiri, na milki yake ilikuwa pana na kiburi chake kipana zaidi, kwani tangu azaliwe hakuwahi kubisha hodi popote. Kila mlango ulifunguliwa kabla hajaufikia, naye akadhani ndivyo milango ilivyoumbwa.

Siku hizo akafika mjini mfanyabiashara wa udi na marashi, kijana aitwaye Badawi bin Sheha, na alipouona ule mlima ukifuka moshi mchana kweupe, moyo wake haukutulia, akataka aupande na achungulie kasoko, ndilo lile tundu kuu la kileleni, apate la kusimulia kwao. Wenyeji wakamwambia, "Una bahati, mgeni. Kesho mji mzima unapanda, kuna harusi." Na Badawi hakuwa mtu wa kupitwa na harusi, akajimwagia marashi ya kuuza bila huruma, akaandamana nao alfajiri.

Wakapanda kwa matari na vigelegele, na ardhi ikazidi joto hata makubadhi yakaanza kunuka ngozi iliyoungua, na harufu ya kibiriti ikawakaba koo. Walipofika ukingoni Badawi akachungulia, akaona mawe yaliyoyeyuka yakitokota kama uji, akarudi nyuma. Hapo akamwona bibi harusi akishushwa kitini: Mwana Yasmini, binti wa pekee wa Sultani, hina mikononi na macho yamevimba kwa kulia.

Akamwuliza mama mmoja aliyesimama kando, "Samahani, mama. Bwana harusi yuko wapi?"

Mama yule akaelekeza kidole chini, kwenye moto.

Na Sultani akasimama, machozi yakimchuruzika ndevuni, akasema, "Enyi watu wangu, tuliutupia mlima mbuzi, ukanguruma. Tukautupia ng'ombe, ukanguruma zaidi, na majivu yakafunika visima. Una njaa. Leo nautoa moyo wangu mwenyewe, mpate kuishi."

Walinzi wakamshika Mwana Yasmini. Badawi, asijue la kufanya na asiweze kutazama, akafanya alilofunzwa na mama yake kila afikapo pa watu asiowajua: akavua makubadhi, akaita, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Na kutoka ndani ya moto sauti ikaitika, "Karibu."

Matari yakaanguka, na watu pamoja nayo. Moshi ukajikunja, akainuka jini mwenye ndevu za makaa, na pembe za mbuzi zimemnasa nyweleni. Akasema, "Tangu enzi za mababu zenu nimelala humu, nanyi mwanitupia mifugo kichwani. Nikilalama, mwaongeza. Nani aliwaambia nina njaa? Mimi chakula changu moto. Na leo mwanitupia binti wa watu, bila hata salamu? Basi mwenye mji na abishe mwenyewe, kwa adabu. Nisipomwitikia mara ya tatu, nitaumwaga moto wangu hadi pwani." Akazama.

Sultani akasogea ukingoni, akasema kwa mazoea, "Fungueni."

Mlima ukatikisika. Walinzi wakakimbia, ukingo ukameguka chini ya Mwana Yasmini, na Badawi akajitupa kifudifudi akamdaka mkono, binti akaning'inia juu ya moto.

"Hodi," akasema Sultani kwa kunong'ona. Kimya. "Hodi," akasema tena, kama atoaye amri. Kimya, na mkono wa Badawi ukaanza kuteleza kwa jasho. Ndipo Sultani akavua kilemba na viatu, akapiga magoti juu ya mawe ya moto, akalia, "Hodi, mwenye nyumba. Ni Tawakali, baba wa huyu mtoto. Nimekosa. Nakuomba."

"Karibu," ikaitika sauti, na kiganja cha moshi kikamwinua binti kikamweka salama, na mbele ya makubadhi ya Badawi kikamwaga yakuti na almasi, zawadi ya mgeni mwenye adabu. Kisha mlima ukatulia.

Sultani akamshika Badawi bega, akasema kwa furaha, "Kijana, umeniokolea mwanangu. Nakupa awe mkeo, leo hii."

Mwana Yasmini akajifuta majivu usoni. "Baba," akasema, "asubuhi ulinipa mlima bila kuniuliza, na sasa wanipa mgeni bila kuniuliza. Jini umembishia mara tatu. Mimi je?"

Sultani akapigwa na butwaa kuliko alipomwona jini, na mbele ya mji mzima akaona haya.

Badawi akasogea nyuma hatua chache, akainamisha kichwa, akasema, "Hodi, Mwana."

Binti hakumjibu siku ile. Jibu lilikuja baada ya mwezi, na harusi ikafanyika bondeni, penye kivuli na maji baridi, wakaishi kwa heri na mali tele. Nawe msikilizaji zingatia: usiingie usipokaribishwa, na umpendaye ndiye wa kwanza kubishiwa.