Injili ya Mwaka Juzi

Wewe uliyeshika simu, kabla hujaanza kazi zako leo, kaa kidogo usome habari hii mpaka mwisho. Usiruke mistari. Mimi kila nikiikumbuka natembea kifua mbele, kana kwamba nilikuwepo.

Huko milimani Umatengo kulikuwa na parokia ya Kristo Mfalme, yenye jumuiya tano za waumini. Nne zilikuwa bondeni karibu na kanisa, zina sare, zina maspika, zina watu wa kutosha. Ya tano, Jumuiya ya Mtakatifu Klara, ilikuwa juu kabisa mlimani. Kaya kumi na moja tu. Watu wa bondeni waliiita jumuiya ya mbuzi, kwa vile kufika huko ni kupanda na kushika majani.

Mwenyekiti wake alikuwa Mama Leokadia Kapinga, mjane, mwanamke wa maneno machache na sauti kubwa. Jambo moja lilikuwa limemkaa moyoni miaka mingi. Kila sikukuu ya Kristo Mfalme jumuiya moja huchaguliwa kuingiza Neno: mmoja wao hubeba Kitabu cha Injili juu juu, wenzake wanacheza nyuma yake kwa vigelegele, toka mlangoni hadi altareni. Tangu parokia ianze, jumuiya yake haijawahi kupewa heshima hiyo. Hata mara moja!

Mwaka huo Baba Askofu mwenyewe alikuwa anakuja. Paroko akatangaza: Jumamosi, mkesha wa sikukuu, kila jumuiya itasimama mbele ya Askofu, itasema Injili ya Kristo Mfalme kwa kichwa, kisha itaeleza imeiishi vipi. Itakayofanya vizuri ndiyo itakayoingiza Neno. "Injili ni ipi, angalieni kwenye kalenda ya parokia," akasema.

Mama Leokadia alipanda mlima siku hiyo mbio kama msichana. Safari hii hawatuachi, alijiambia. Alikuwa ameshashona gauni, na alijiona kabisa amelivaa, kitabu kiko mikononi.

Sasa hapa ndipo palipoharibika, au palipotengenezeka, utasema mwenyewe. Ukutani kwake kulikuwa na msumari mmoja, na kwenye msumari huo kalenda tatu, moja juu ya nyingine. Ya juu ilikuwa ya mwaka juzi. Hakutaka ishuke, maana ilikuwa na picha ya binti yake, Sista Reginata, siku alipoweka nadhiri za daima. Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa. Mama Leokadia akaifungua hiyohiyo, akatafuta Kristo Mfalme, akakuta: Mathayo, sura ya ishirini na tano.

Nanyi Wakatoliki mnajua masomo ya Dominika hubadilika, mwaka A, mwaka B, mwaka C. Yeye pia alijua. Lakini furaha ilimpiga chenga.

Jumuiya zote zilifanya mazoezi kwa siri, kila moja ikihofia kuibiwa mbinu, kwa hiyo hapakuwa na wa kumshtua. Jumatano, siku kumi kabla ya mkesha, wakakusanyika kwake. Akasoma jinsi Mfalme atakavyowatenga watu kama mchungaji atengavyo kondoo na mbuzi. Alipofika kwenye mbuzi, watu wakacheka kwa uchungu.

"Watatuona siku ya mkesha," akasema. "Haya, rudieni. Nilikuwa na njaa, mkanipa chakula. Nilikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama."

Wakarudia. Walipomaliza, Mzee Kasiani, ambaye kazi yake katika jumuiya ni kuuliza lisilotakiwa kuulizwa, akakohoa.

"Mwenyekiti, samahani. Baba Askofu akituuliza tumemtazama mgonjwa gani, tutamjibu nini?"

"Tutatafuta mgonjwa."

"Yupo. Otmari amelala wiki ya tatu."

Kila mtu akatazama miguu yake.

Otmari Hyera ndiye aliyeiba kengele ya kanisa. Aliishusha usiku, akaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ikakatwakatwa kabla hajakamatwa. Alifungwa, akamaliza kifungo, akarudi kukaa peke yake katika nyumba ya marehemu mama yake. Hakuna aliyemsalimia. Kanisani sasa waligonga rimu ya lori iliyoning'inizwa. Na kengele ile, enzi hizo hakuna barabara, ilifikishwa kanisani begani kwa wanaume wanne, na mmoja wao alikuwa mume wa Mama Leokadia.

"Kasiani," alisema Mama Leokadia polepole, "wewe una roho mbaya."

"Mimi nimesoma tu ulichonisomesha, mama."

Siku hiyo Mama Leokadia hakula. Alimkasirikia Kasiani, akamkasirikia Otmari, akaikasirikia na Injili yenyewe. Lakini heshima ile aliitaka, na bila tendo hawaipati. Asubuhi akapika uji wa ulezi, akawaita wenzake wawili, wakaenda.

"Tumsifu Yesu Kristo!" akaita mlangoni.

Sauti dhaifu ikajibu: "Milele na milele, amina." Na baadaye kidogo: "Mmekuja kunikamata tena?"

"Tumekuja kukupa uji. Kaa vizuri usinimwagie."

Otmari alikuwa amekonda, mguu umevimba, na mvua za kwanza zilikuwa zinamdondokea kitandani kupitia bati bovu. Alishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

"Mama mwenyekiti, ile kengele..."

"Usiniambie habari za kengele. Bado nina hasira na wewe, nisikudanganye. Mume wangu aliibeba begani. Lakini uji huu ni wako, kunywa."

Akanywa, machozi yanamtoka. Mama Leokadia akajifanya anatazama bati.

Kesho yake wakarudi. Keshokutwa tena. Wanaume wakambeba Otmari kwa machela mpaka zahanati, mguu ukatibiwa. Wakaziba bati. Siku ya nne Mama Leokadia alijishtukia: alikuwa amemfulia mgonjwa shuka, akarudi nyumbani, na kutwa nzima hakumfikiria Baba Askofu hata kidogo. Hasira ilikuwa bado ipo, ila imepungua sauti.

"Mwenyekiti, mazoezi je?" Kasiani akamchokoza. "Au siku hizi tumekuwa mafundi bati?"

"Shika msumari huo, acha maneno."

Ijumaa ya kuamkia mkesha Otmari akaomba neno. Alitaka kwenda nao kanisani. Mama Leokadia akasita, wacha nikwambie ukweli. Aliwaza watu wa bondeni watakavyonong'ona, aliwaza Kitabu cha Injili kikipotea mbele ya macho yake. Kisha akaingia chumbani, akatoka na koti la marehemu mumewe.

"Vaa hili. Kanisani hapana, huendi na shati lililochanika."

Jumamosi kanisa lilijaa pomoni. Jumuiya ya kwanza ikasimama, sare zinang'aa. Wakaanza: Yesu yuko msalabani, wakuu wanamdhihaki, na wahalifu wawili wametundikwa pamoja naye...

Mama Leokadia akageukia wenzake.

"Mwenyekiti," Kasiani akamnong'oneza, "hawa si wamekosea?"

"Nyamaza."

Jumuiya ya pili: wahalifu wawili, mmoja anatukana, mwingine anamwomba Yesu amkumbuke atakapofika katika ufalme wake. Ya tatu hivyohivyo. Ya nne hivyohivyo. Watu wa jumuiya nne hawawezi kukosea sawasawa. Ndipo akaikumbuka kalenda, na uso wa binti yake ukimchekea kutoka ukutani. Yesu wangu! Miaka yote ya kungoja, ameiharibu mwenyewe kwa msumari mmoja.

Wale wengine walieleza pia walivyoiishi Injili: wamepamba altare, wamesafisha uwanja, wamesali rozari siku tisa. Mambo mazuri, siyadharau.

"Jumuiya ya Mtakatifu Klara!" akaita katekista.

Angeweza kusema anaumwa. Angeweza kumsingizia aliyeleta kalenda. Mama Leokadia Kapinga akasimama wima, akaenda mbele peke yake.

"Baba Askofu, tumsifu Yesu Kristo. Sisi tumejifunza Injili ya mwaka juzi. Jumuiya yangu haina kosa. Aliyekosea ni mimi, niliangalia kalenda ya zamani."

Kicheko kikalipuka. Mtu nyuma akalia kama mbuzi. Mama Leokadia hakuinamisha kichwa.

Baba Askofu akainua mkono, kicheko kikafa.

"Injili ya mwaka juzi ni ipi, mama?"

"Ya Mfalme anayesema nilikuwa mgonjwa, nilikuwa kifungoni."

"Na mmeifanyia nini?"

"Tulimwendea mtu mmoja tu, Baba."

"Yuko wapi?"

Kwenye benchi la nyuma Otmari akajivuta kwa fimbo, akasimama ndani ya koti lililomzidi. Minong'ono ikaanza palepale. Mwizi wa kengele! Kaja na nani? Nani kamruhusu?

"Mimi hapa, Baba Askofu," akasema. "Mimi ndiye niliyeiba kengele ya kanisa hili. Nilifungwa kwa haki. Nilipotoka sikumwomba mtu yeyote anikumbuke, maana sikuwa na uso wa kuomba. Leo nimesikia jumuiya nne zikisoma habari za mhalifu mwenzangu aliyemwomba Yesu amkumbuke." Akamwonyesha Mama Leokadia kwa mkono. "Hawa walinikumbuka kabla sijaomba."

Yule aliyelia kama mbuzi sijui alijificha wapi.

Baba Askofu alivua miwani, akaifuta, akachukua muda mrefu kuivaa tena.

"Injili ya mwaka huu," akasema, "leo nimeisikia mara nne. Mara ya tano nimeiona. Mama, kesho jumuiya yako ndiyo itakayoingiza Neno. Chagua wa kukibeba kitabu."

Watu wa mlimani wakapiga vigelegele mpaka popo wa darini wakaruka. Mama Leokadia akatazama gauni lake jipya. Akamtazama Otmari, na lile koti alilolijua kila kifungo. Bega lililobeba kengele ile lilikuwa ndani ya koti hilohilo.

"Atabeba Otmari," akasema.

"Mama, mimi? Mguu huu?"

"Tutakwenda kwa mwendo wako. Hatuna haraka."

Na Jumapili rimu ya lori ilipogongwa, ndivyo ilivyokuwa. Otmari alichechemea na Kitabu cha Injili juu ya kichwa chake, hatua moja, apumzike, hatua nyingine. Nyuma yake kwaya zote nne za bondeni zikalazimika kupunguza mwendo, mapadre wakapunguza, na Baba Askofu na fimbo yake akapunguza. Parokia nzima ilitembea kwa mguu wa aliyeiba kengele yake. Na nyuma ya Otmari, hatua moja tu, alitembea Mama Leokadia, kidevu juu, kama mama wa bwana harusi, tayari kumdaka akiyumba.

Kalenda ya mwaka juzi bado iko ukutani kwake. Mgeni akiingia, huonyeshwa kwanza Sista Reginata. Kisha mama hufunua mpaka kwenye Kristo Mfalme, akaweka kidole pale, akasema, "Na hapa ndipo nilipokosea," na hakuna anayemshinda kwa maringo siku hiyo.

Mtumie jirani yako habari hii, ila kwanza mfikirie yule ambaye mtaa wako wote umeacha kumsalimia.

Funzo: Unaweza kuijua Injili neno kwa neno ukapita mlango wa aliyeandikwa ndani yake. Mungu hatatuuliza tuliisoma ya mwaka gani, atatuuliza ilitupeleka kwa nani.