Tumbo la Kiboko Ukingoni

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, na wewe unayesinzia hebu sogea, wanyama walikuwa na bwawa moja na mlinzi mmoja wa bwawa, na huyo walimchagua kwa kura.

Mlinzi wa siku hizo alikuwa Kiboko. Wanyama wadogo aliwafukuza wote, eti wanamchafulia maji. Wakawa wanalamba umande.

Bi Pimbi alishinda jabalini akilitazama lile bwawa. Kiu alikwisha kuizoea. Kilichomtesa ni hamu ya kukaa tena kwenye matete, pale mama yake alipokuwa akimwogesha huku akimwimbia. Mama alishakufa, na wimbo wenyewe ulikuwa umeanza kumtoka kichwani. Aliamini akikaa pale maneno yatarudi. Siku nyingine alijikuta analia tu.

Basi uchaguzi ukakaribia. Desturi yao, kila mpiga kura alikanyaga udongo mbichi ukingoni, unyayo ukaachwa ukauke. Siku ya kura, Kobe msimamizi anakwambia weka mguu. Ukienea kwenye unyayo wako, unapewa kijiwe cha kupigia kura. Huna unyayo, rudi kwako.

Bi Pimbi alikwisha kukanyaga, lakini moyo haukutulia. Akawasihi wenzake waende kukagua. Wakamcheka: si tumeshakanyaga, ya nini tena? Akaenda peke yake. Masikini, akakuta Nyati, swahiba wa Kiboko, amepita juu ya nyayo zote ndogo, hakusaza hata mmoja. Na udongo ulishaanza kukauka.

"Babu Kobe, naruhusiwa kukanyaga tena?"

"Mpaka kesho jioni, ruksa. Lakini utakanyaga wapi, mwanangu? Udongo mkavu, na maji yana mwenyewe."

Akaketi akalitazama bwawa, akalia. Kisha akafuta machozi, akamwendea Kiboko, akapiga goti.

"Shikamoo, mzee. Nimeuona unyayo wako. Mkubwa, sikatai, lakini ni unyayo tu kama wa yeyote. Mimi nilidhani mtu wa hadhi yako angeweka mwili mzima."

Kiboko akavimba kwa sifa. Akatoka majini akichuruzika, pwaa, akajibwaga udongoni. Akagaagaa huku na huku mpaka ukingo mzima ukawa tope, nyayo zote zikafutika, hata wake mwenyewe. Bi Pimbi akampigia vigelegele.

Mzee aliporudi kujizamisha, Bi Pimbi akawaita wenzake, panya, kindi na kanga, wakakanyaga upya. Nyati naye aliambiwa na Kobe akakague unyayo wake. Akajibu kwamba yeye ni Nyati, hana haja hiyo.

Siku ya kura Kiboko akaja kwa madaha. Kobe akamwambia aweke mguu. Akazunguka ukingo wote, hana pa kuuweka.

"Lakini tumbo langu si lile pale!"

"Naliona, mzee. Sheria inataka mguu."

Nyati naye akarudi mikono mitupu. Korongo, mshindani wa Kiboko aliyeahidi kuwafungulia wote maji, akashinda kwa vijiwe vya wadogo.

Bi Pimbi akaenda kuketi kwenye matete, miguu majini, akangoja. Wimbo ulirudi nusu. Nusu ya pili hakuwa na wa kumuuliza. Akauimba hivyo hivyo, wanawe wakiudaka.

Nami nimefika mwisho, wajukuu zangu: ukishajiandikisha, rudi ukahakikishe, maana udongo uwahi ungali maji.