Sinia na Kipande cha Shaba

Mtu mmoja aitwaye Mihayo alikuwa na dada mmoja tu, Nyamizi. Wazazi wao walifariki Mihayo akiwa ndiyo kwanza anaingia shule ya bweni. Kila muhula dada yake alimpelekea gunia la unga, akimwambia kwamba shamba la baba limezaa vizuri. Mihayo akasoma, akawa hakimu, akazoea kuwaambia watu kwamba hakushikwa mkono na yeyote.

Alipotimiza miaka arobaini alirudi kwao ili ajenge kwenye shamba lile. Akakuta nyumba za watu, mabati yake yamekwisha kushika kutu. Mama mmoja akamweleza kwamba shamba liliuzwa zamani, baba yao akiwa bado hai, amelazwa hospitalini.

Mihayo akajiuliza: Ule unga, basi, ulitoka wapi?

Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha Nyamizi, fundi wa kuvika vyombo shaba. Alimkuta ameinamia beseni la maji ya buluu yaliyoyeyushiwa mrututu, chumvi ya shaba. Upande mmoja lilining'inia sinia kuukuu, upande wa pili kipande cha shaba, kila kimoja na waya wake kutoka kwenye betri. Sinia lilikuwa likigeuka jekundu mbele ya macho yake.

"Dada, unga ulitoka shamba lipi?"

 Nyamizi akakiinua kile kipande cha shaba. Wiki iliyopita kilikuwa kinene kama mpini wa jembe. Sasa kimeliwa, kimebaki chembamba, kina matundu.

"Betri inasukuma tu, mdogo wangu, na maji yanapitisha tu. Shaba yote inayokaa kwenye sinia inatoka kwenye mwili wa huyu."

Mihayo aliutazama mkono ulioshika shaba ile. Kucha zimelika, ngozi imepasuka, mifupa ya kifundo imetokeza. Akapandisha macho hadi shingoni, hadi usoni, akaona uzee ambao miaka ya Nyamizi haikuudai.  Akaketi chini, mavumbini, na suti yake.

Nyamizi alifuta mikono, akamuuliza kama amekula.

Nanyi mnaong'aa mbele za watu, mmewahi kutazama upande wa pili wa beseni, mkaona ni nani anayekwisha?