Tela la Farasi wa Muhidini

Tajiri Muhidini alikuwa bahili mpaka nzi wa jikoni kwake walikonda. Alitaka tela la bei nafuu la kubebea farasi wake, kwa sharti moja: farasi akikataa kupanda, fundi anaacha zana zake. Mafundi wawili walishanyang'anywa misumeno.

Wiki moja Muhidini alikuwa shambani na farasi. Siku ya kurudi, akaja huko shambani seremala Chausiku, punda wake akivuta tela jipya.

"Farasi akipanda bila kuvutwa," alisema, "utanilipa, na misumeno ya wenzangu utairudisha."

"Huyu? Hapandi takataka!"

Farasi alinusa mbao, akapanda mwenyewe, akajilaza.

Muhidini akakodoa macho. "Na bei yako mbona ndogo hivi? Mbao umezitoa wapi?"

"Kwa mtu mwenye mbao nyingi kuliko akili, tajiri."

Muhidini alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mjinga huyo hajui kuchunga mali!"

Akalipa, akaitoa misumeno garini, akalifunga tela nyuma ya gari, akaondoka akipiga mluzi.

Nyumbani alikuta banda la farasi limebaki nguzo nne na paa, bila ubao hata mmoja. Farasi akagoma kushuka: yeye alikuwa kwake tangu shambani.