Namba Pacha za Damu

Kaeni karibu, nami nitasema taratibu, Mungu akinipa pumzi.

Katika hospitali moja yenye matawi walikuwapo wanawake watatu. Muuguzi Mashavu alijaliwa kushtuka kabla ya wenzake. Hidaya, fundi wa hifadhidata, alijaliwa kuona yaliyofichika. Zuhura wa maabara alijaliwa mkono usiotetemeka.

Bi Salme aliwajua siku binti yake Zawena alipojifungua, damu ikakataa kukatika. Mwaka uliotangulia alimzika Raya, dada yake Zawena, aliyefia hospitalini humohumo baada ya kuongezewa damu. Sasa alikaa kwenye benchi akivuta tasbihi, macho mlangoni.

Mfuko wa damu ulikuwa tayari. Mashavu akaitazama namba ya mfuko huo kwenye kompyuta. Ilitokea mara mbili: kundi A, na kundi B.

"Siutundiki huu."

"Sista, mtu anakufa!" daktari alifoka.

"Ndiyo maana siutundiki."

Hidaya akaitwa. Majedwali ya kompyuta yanayoandika mifuko ya damu aliyajenga yeye: jedwali mama moja, na kila tawi jedwali lake mtoto, katika sehemu yake ambayo mafundi huiita skima. Watoto walirithi masharti ya mama. Mfuko usio na kundi haukuandikika popote. Hidaya aliamini kwamba hata sharti la namba kutojirudia limerithiwa. Halikurithiwa. Lilibaki kwa mama peke yake, na kila tawi likatoa namba zake bila kujua za wenzake. Akapekua skima zote, akatenga namba pacha, akaonyesha mifuko iliyosalimika.

Zuhura hakuiamini tena kompyuta. "Nileteeni damu yenyewe." Akapima mfuko baada ya mfuko, mpaka akapata uliopatana na damu ya Zawena.

Zawena akapona, alhamdulillahi. Kwao bibi ndiye hutoa jina siku ya akika, na Bi Salme aliapa kwamba mtoto huyo wa kike ataitwa kwa jina la aliyemwokoa mama yake. Mmoja tu.

Siku moja kabla ya akika, Hidaya akaja, akaketi chini mkekani.

"Mama, katika zile namba pacha nimeukuta mfuko aliotundikiwa Raya."

Tasbihi ikasimama. "Basi ni wewe?"

"Sijui kama aliwekewa damu ya kundi lisilo lake. Mungu ndiye ajuaye. Ila majedwali ni yangu."

Chumbani mtoto alikuwa akilia, bado hana jina.

Mashavu alizuia, Hidaya alitafuta, Zuhura alipima. Angekosekana mmoja, lingechimbwa kaburi la pili. Na kiapo ni kiapo.

Wewe unayenisikiliza, ungekuwa Bi Salme, kesho ungemwita mtoto nani?