Kiboko Aliyengoja Masika

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa shimo!
Limejaa?
— Pomoni!

Hapo kale Kiboko alikuwa na nyumba kubwa kilimani. Chini yake alikaa Bi Nguchiro na wanawe, penye kisima kidogo. Kiboko alikula, akaenda chooni, pwa! Akala tena, akaenda tena, pwa! Shimo la choo likajaa, mfuniko ukaanza kuguna: blub, blub.

Nguchiro akapanda kilimani.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Mwite Tembo aje anyonye shimo."

"Marahaba. Tembo anataka mkungu mzima wa ndizi! Mimi nile nini? Ngoja masika. Mvua ikishika, natoboa ukuta wa shimo, natapisha. Uchafu unateremka wenyewe, chururu!"

Uteremke wapi? Kisimani kwa Nguchiro. Masika yaliyopita kitindamimba wake aliharisha hadi macho yakaingia ndani. Nguchiro akarudi nyumbani roho juu, na mawingu yameshatanda.

Asubuhi akapanda tena, jembe begani, anaimba.

"Mbona una furaha?" Kiboko akauliza.

"Nisifurahi, bwana? Nimeshaandaa shamba la migomba kule chini. Ukitapisha tu, mbolea yote kwangu. Mikungu itanielemea!"

Kiboko akaacha kutafuna. "Mbolea ya nani?"

"Yako, bwana. Lakini si unaitupa?"

"Nani kakwambia naitupa? Nimeila mwenyewe, kwa jasho langu! Temboooo!"

Tembo akaja na pipa lake na mpira wake. Fyuuu! Fyuuu! Akanyonya hadi chini, akaenda kuufukia uchafu shambani kwa Kiboko, ng'ambo ya kilima, akapewa mkungu wake.

"Umekosa!" Kiboko akamcheka Nguchiro.

"Nimekosa, bwana," akasema Nguchiro, akajifuta chozi lisilokuwepo.

Mvua ikanyesha. Kisima kikabaki safi, watoto wakanywa, wakalala salama.

Tangu siku hiyo, kila mfuniko ukianza kuguna, Nguchiro hupita pale na jembe, anaimba. Kiboko humwita Tembo kabla ubeti haujaisha.

Basi, watoto wazuri, muwe wachoyo, mtaa uwe safi. Na mkiulizwa shimo la choo linyonywe lini, jibuni: kila jirani wa chini anapoanza kuimba.

Hadithi yangu naifunika hapa. Ikikunogea, ibebe. Isipokunogea, kaa nayo kwako, usimtapishie jirani.