Nadhiri ya Bi Kazija

Mko macho? Basi sogeeni. Mwenye haraka aondoke sasa hivi, maana nitakachowapa leo hakina utamu mwishoni. Nitawatwika mzigo, kisha miye niende zangu kulala.

Kaskazini mwa Unguja waliishi wanawake watatu, mashoga tangu walipokuwa chuoni wakisoma Kurani.

Wa kwanza ni Mize, mwalimu wa skuli. Mize alijaaliwa macho. Mwandiko wowote, hata wa karani mlevi, hata wa wino uliofifia kabisa, yeye aliusoma kama wewe unavyosoma kibao cha duka.

Wa pili ni Zuwena. Zuwena alijaaliwa kujua koo za watu. Ukimtajia jina la mtu atakupandisha mpaka kwa babu wa babu yake, atakushusha kwa wajomba, na njiani atakwambia nani aliachwa na kwa kosa gani. Kwenye harusi watu walimwogopa.

Wa tatu ni Jokha, na Jokha alijaaliwa uso mkavu, basi. Alibisha mlango wa mtu asiyemjua, akaomba maji, akakaa, akauliza mambo ya ndani. Ukimfukuza mlango wa mbele, utamkuta uani.

Jirani yao alikuwa Bi Kazija, mama mtu mzima aliyewalea wote watatu kwa uji wake. Mwanawe wa pekee, Kombo Makame, alivuka kwenda bara kutafuta kazi, akamwachia bintiye Arafa akiwa mchanga. Hakurudi, wala hakuleta salamu. Arafa akakua, akaolewa, akashika mimba, na habari za baba yake bado hazikujulikana.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana shida ya Bi Kazija haikuwa kumkosa mwanawe tu. Kila Alhamisi jioni alikaa kwenye msala akainua mikono, na mikono ikabaki hivyo hivyo.

"Nikisema Mola amrehemu, labda namzika angali hai," aliwaambia. "Nikisema Mola amrudishe salama, labda namfanyia maiti dhihaka. Wanangu, miye sijui hata kumwombea mtoto wangu."

Katika nyumba ile jina la mtoto mchanga ni haki ya bibi, hakuna anayemwingilia. Basi siku moja Bi Kazija akaweka nadhiri mbele ya watu: "Arafa akipata mtoto wa kike, atachukua jina la yule atakayeniambia ni dua ipi nimwombee Kombo."

Kupewa jina kwetu si jambo dogo. Mtu mnayeitwa naye jina moja ni somo yako: humpiti njiani bila kumjulia hali, akiumwa unakwenda, akifa unalia kama wa damu. Mashoga wale wakatazamana, na kila mmoja akalitamani lile jina. Nawaambia ili mjue kwamba walilitaka.

Mize akaanza. Akaenda kwenye nyumba ya nyaraka mjini, kisha akavuka bara akaingia maktaba, akafunua makaratasi mpaka macho yakamvimba. Kombo Makame walikuwa tele! Kombo Makame polisi, Kombo Makame mpagazi wa bandarini, Kombo Makame aliyefungwa kwa kuiba kuku, Kombo Makame aliyelalamika gazetini juu ya bei ya unga. Na katika kambi moja ya mkonge, Kombo Makame wawili. Kila mmoja ameandikwa jina lake, la baba yake, na "Unguja". Jina la mama hakuna. Hao makarani hawakuona haja ya kumwuliza mtu mama yake ni nani.

Zuwena akapokea. Mize alimsomea, naye akawapangua mmoja mmoja.

"Polisi ni wa Bumbwini, kamwoa binamu yangu. Wa bandarini tulimzika wenyewe. Huyu wa kuku ni wa Chwaka, alitoka jela akaoa tena, na kuku bado anaiba. Wa unga ni mjomba wake huyo huyo." Wakabaki wale wawili wa mkonge. Zuwena akafumba macho, akafikiri, kisha akapiga kofi pajani. "Mmoja ni wa Makunduchi! Zilikuja habari kwamba kafia kambini, wakamwekea matanga. Namjua hata aliyepika wali."

"Kwa hiyo aliyekufa ni wao," Jokha akasema.

"Na aliyebaki ni wetu," Mize akamalizia.

Walikumbatiana. Wakakubaliana wasimwambie Bi Kazija neno mpaka wahakikishe, lakini furaha utaificha wapi? Bi Kazija aliwaona wanavyotembea. Kesho yake akaitoa kanzu ya Kombo kwenye sanduku, akaifua, akaianika.

Jokha naye akashika zamu yake. Wote watatu walivuka, lakini aliyebisha milango ni yeye. Wakamwambia kambi ilifungwa zamani, akauliza aliyeifunga. Wakamtishia mbwa, akamwuliza mwenye mbwa. Wakamtukana, akangoja wamalize, akauliza tena. Mwisho akafikishwa kwenye kibanda nyuma ya kiwanda kilichokufa, na mlangoni amekaa mzee anasuka kamba.

"Wewe ndiye Kombo Makame wa Unguja?"

"Ndiye miye."

Jokha, yule mwenye uso mkavu, akaangua kilio. "Baba wee! Mama yako Bi Kazija kafua kanzu yako, anakungoja!"

Mzee akaiweka kamba chini. "Mama yangu ni Bi Miza wa Makunduchi," akasema, "na miye kwetu nilishawekewa matanga."

Akawaeleza. Kambini walikuwa Kombo Makame wawili, masomo, wakila sahani moja. Mmoja akashikwa na homa, akafa. Karani akatuma habari kwa jina, na habari ikaenda Makunduchi. Kule wakalia, wakasoma hitima. Mke wa huyu aliye hai akakaa eda, akaimaliza, akaolewa. Mzee alipokuja kusikia, nyumba yake ilikuwa na mume mwingine na mtoto mwingine.

"Na kwa somo yako hukupeleka habari?" Zuwena akauliza.

"Alikuwa akisema 'kwetu kaskazini', basi. Kaskazini ni kubwa, bibi."

Akawapeleka kaburini. Kaburi lenyewe halikuwapo. Palikuwa na safu za mkonge uliopandwa juu yake, nao umezeeka. Akanyoosha kidole mahali, akasita, akakisogeza kidogo.

"Twende nawe," Jokha akambembeleza. "Mama wa somo yako ni mama yako."

"Atafurahi kuniona?" Mzee akauliza.

Wakamrudisha kibandani kwake. Wakamwacha anasuka kamba yake.

Walirudi Unguja. Bi Kazija alikuwa kizingitini, na kanzu imekunjwa mapajani pake. Hakuwasalimu. Akauliza neno moja tu: "Dua ipi?"

Mize akafungua mdomo. "Inna lillahi…" Sauti ikamkatika.

Zuwena akaona haifai kumwacha mama wa watu ananing'inia. "…wa inna ilayhi…" Naye akashindwa.

Jokha akatazama chini. "…rajiun," akasema.

Bi Kazija akaitikia kwa kichwa. "Ahsanteni, wanangu." Akaingia ndani, akatandika msala, na kwa mara ya kwanza akamwombea mwanawe dua aliyoijua. Alhamisi iliyofuata hakuamka. Watu walisema uzee. Miye nasema kutojua ndiko kulikokuwa kumemshikilia, na wale watatu walikwenda kwa mapenzi yao yote wakamfungua.

Mwezi haujaisha, Arafa akajifungua mtoto wa kike.

Siku ya saba ndugu wakakusanyika, mtoto akanyolewa, kila kitu tayari isipokuwa jina. Arafa akasema, "Nadhiri ya bibi haivunjwi. Nani kati yenu alimwambia?"

Mize akasema, "Si mimi. Mimi niliona majina tu, na nilianza neno sikulimaliza. Mpe jina la Jokha, yeye ndiye aliyelikamilisha."

Jokha akasema, "Si mimi! Nilipofungua mdomo mama alishaelewa. Mpe la Zuwena, ndiye aliyetupa tumaini la uongo mpaka kanzu ikafuliwa."

Zuwena akasema, "Nilisema nilichokijua, na nilichokijua kilikuwa kweli, matanga yaliwekwa. Mimi nilikuwa katikati tu. Mpe la Mize. Asingeyafunua makaratasi, Bi Kazija angekuwa hai, anangoja."

Wakaanza kulia, na walipomaliza wakagombana, mashoga wale wa tangu chuoni. Jina walilolitamani wote sasa lilikuwa kaa la moto. Maana kila atakapoitwa mtoto huyo uani, mwenye jina atasikia lile neno alilolisema kizingitini.

Arafa kakaa mkekani, mtoto kifuani. Ndugu wanasubiri, wali unapoa. Nadhiri ipo, aliyeiweka hayupo wa kuitengua, na mtoto hajaitwa kitu.

Haya, nimeshawatwika. Mtoto huyo hapo, na mama yake anawatazama nyinyi. Ni nani aliyemwambia Bi Kazija? Nawe ungekuwa mkekani pale, ungemwita nani?